Kanisa likirudisha bahasha, sauti yake itasikika

Kila Jumapili, kutoka Likoni hadi Malindi, wahubiri wanakemea muguka, kamari za simu na ulevi. Wana sababu. Wazazi wanawaona vijana wao wakikesha maskani wakitafuna, na pesa za kibarua zikiishia kwenye beti za mpira kabla ya kufika nyumbani. Lakini wakisema, wengi hawawasikii. Kwa nini?

Haki ya kusema wanayo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kueleza imani yake hadharani. Kifungu cha 8 nacho kinasema hakuna dini ya serikali. Kwa hivyo kanisa linaweza kushawishi, haliwezi kuamrisha. Na anayeshawishi hana silaha ila kuaminika kwake.

Hata wenye mamlaka ya kuamrisha hawafiki mbali. Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka. Siku chache baadaye Ikulu ikasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria, huku wakulima wa Embu wakitetea riziki yao. Amri hubatilishwa. Kijana aliyeamua mwenyewe kuacha hahitaji amri.

Ila kuaminika huko kumejeruhiwa, hasa hapa kwetu. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola yalianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikapatikana. Upande wa mashtaka unasema waumini walihimizwa kufunga hadi kufa. Makanisa mengi hayakuhusika hata kidogo, lakini tangu hapo mzazi wa Kilifi ana haki ya kumuuliza mhubiri yeyote: wewe nani anakuchunga?

Jeraha la pili ni pesa. Mwanasiasa anakuja ibadani na bahasha, anapewa kipaza sauti, anawatukana wapinzani wake mbele ya madhabahu, kisha anaondoka akipigiwa makofi. Wiki inayofuata nani atamwambia kwamba wizi wa mali ya umma ni dhambi kama ulevi?

Wapo viongozi walioliona hili. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini wakati wa ibada. Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali ya kuikosoa serikali. Siku chache baadaye Rais William Ruto akatoa mchango katika kanisa la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa hizo zirudishwe. Kama zingebaki, ile taarifa ya maaskofu ingeonekana kelele tu.

Wapo watakaosema mkono mtupu haulambwi, na kwamba parokia ya Ganze au Kinango haiwezi kujenga darasa kwa sadaka ya wanavijiji pekee. Hoja hiyo ina uzito, maana umaskini wetu si hadithi. Lakini darasa lililojengwa kwa pesa isiyojulikana ilikotoka linamfundisha mtoto somo kabla mwalimu hajafika.

Hatua za kuanzia hazina gharama. Kila kanisa lisome hadharani nani alitoa nini, na hesabu ikaguliwe na waumini wenyewe. Mchango wa mwenye biashara ya kamari ukataliwe, hata kama jamaa huyo hukaa kiti cha mbele. Mwanasiasa akija, akae na kusali kama wengine. Na mapambano dhidi ya muguka yafanywe bega kwa bega na maimamu, kwani maskani hazina dini, na mtoto wa Fatuma na wa Kadzo wanatafuna kutoka mfuko mmoja.

Jamii iliyolegea haitarekebishwa na anayepiga kelele zaidi. Itamsikiliza yule ambaye hakuna anayemdai.