PEDELI INALIA NA MWENYEWE YUPO



Siku ya mzani nilikaa kwenye benchi la ghala nikasikiliza baiskeli zinavyoingia na magunia. Karibu kila moja inalia pedeli: kwii-ko, kwii-ko. Mwenyewe hasikii, ameshazoea. Akichoka anasema mlima umekuwa mkali. Mlima ni ule ule jamani, tangu tukiwa Mkoa wa Rukwa mpaka tukawa Mkoa wa Katavi mwaka 2012.

Na mie sijitoi. Masika iliyopita nilimpakia mjukuu wangu ana homa, tunakwenda zahanati. Njiani pedeli ikachomoka, ikabaki ekseli tupu kama kidole. Nilisukuma baiskeli kwenye matope, mtoto kichwa kimelala begani. Alipona. Lakini ile pedeli nilikuwa naimiminia oili chafu ya pikipiki kila mwezi, nikijiona fundi. Oili ile ni nyepesi, inachuruzika yote, na ina unga wa chuma ndani yake. Vumbi la kiangazi likichanganyika nayo, gololi zinasagwa kama mahindi. Pedeli inataka grisi, kwa sababu grisi inakaa.

Kazi yenyewe ni ya nyumbani. Spana namba 15 inatosha kwa nyingi, lakini iwe bapa, maana nafasi ni finyu. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati zote, ya kushoto imekatwa meno kinyume ili isijifungue tunapokanyaga. Mie niliingiza bomba kwenye spana nikavuta mpaka ikateleza ikanichuna vidole. Kumbe muda wote nilikuwa naikaza! Shika hivi: mpini wa spana ukiwa juu, usukume kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili.

Ukiitoa, tandika kitambaa, fungua kifuniko cha mwisho, halafu nati, washa na koni. Gololi zimo pande mbili, ndani na nje. Zihesabu kila upande uandike, maana kuku na watoto wanazipenda. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Iliyochimbika usiirudishe. Paka grisi kwenye vikombe, bandika gololi, zitashika zenyewe. Rudisha koni ukaze mpaka pedeli isicheze, lakini izunguke kwa kidole bila kukwama, ndipo ufunge nati. Meno yanayoingia kwenye mkono wa pedeli nayo yapake, yasishike kutu. Zile pedeli za plastiki zilizozibwa hazifunguki. Hizo usihangaike nazo.

Wapo vijana wanaocheka, eti baiskeli ni ya wazee, siku hizi pikipiki. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Pedeli za wale zinashika kiatu mpaka mtu akizungushe kisigino ndipo achomoke. Ndani yake kuna ekseli inayozunguka, na nayo bila grisi inakufa kama ya Phoenix yako.

Sasa ombi langu kwa kamati. Ushirika ununue spana moja bapa na kopo moja la grisi, vikae hapa ghalani, na kina mama wafundishwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaobeba maji na mahindi na baiskeli ikiharibika wanasubiri mume arudi. Najua litakalosemwa: pampu yetu ilikopwa ikaenda moja kwa moja. Kweli. Ilikopwa kwa mdomo. Safari hii liwepo daftari, anayechukua aandike jina na siku kwa mkono wake. Tulikaa kwenye madawati ya kisomo cha watu wazima usiku na taa ya chemli, mimi nikiwemo, tukajifunza kuandika majina yetu. Asiyejua bado aweke dole gumba, na aje darasani.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mkutano, nitafungua pedeli zangu hapa chini ya mwembe. Njooni na baiskeli, bakuli na kitambaa. Mafuta ya taa ninayo kidogo, spana nimeazima mpaka saa sita.

Katibu wa Tawi