Wimbo Mmoja, Matoleo Mengi: Somo la Madonna kwa Sisi Waandishi wa Programu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee muziki kidogo. Msiondoke lakini, kwa sababu huko mbele tutarudi kwenye msimbo.

Hoja yangu ni hii. Mwanamuziki anayeimba kibao chake cha zamani vilevile, mwaka baada ya mwaka, anakiua polepole. Anayekibadilisha mpaka hakitambuliki naye anakiua, tena haraka zaidi. Kazi iko hapo katikati, na sijaona aliyeihangaikia kama Madonna na wimbo wake "Like a Virgin".

Wimbo wenyewe umenizidi umri kwa miaka mingi. Uliandikwa na Billy Steinberg na Tom Kelly, ukatayarishwa na Nile Rodgers, ukatoka mwaka 1984 na kukaa nambari moja Marekani kwa wiki sita. Kwa wasanii wengi hadithi ingeishia hapo. Ungeimba hivyo hivyo hadi uzeeni na watu wangelipa.

Sasa tazama alichofanya jukwaani. Ziara ya 1985 aliuimba karibu kama ulivyorekodiwa, akachomekea kipande kidogo cha "Billie Jean" ya Michael Jackson. Mwaka 1990, katika Blond Ambition, aliupunguza mwendo, akauvika sauti za Mashariki ya Kati na kuuimba juu ya kitanda chekundu. Polisi wa Toronto walitishia kumkamata, naye akaendelea na onyesho. Mwaka 1993 alivaa koti refu na kofia ndefu ya kiume, akamuigiza Marlene Dietrich, mwigizaji wa Ujerumani wa enzi za kale. Hata lafudhi aliifanya ya Kijerumani!

Ziara za 2001 na 2004 hakuuimba kabisa. Cha kuchekesha ni kwamba ile ya 2004 iliitwa Re-Invention, yaani kujiunda upya. Lakini nadhani hapo alijua jambo: kama huna wazo jipya, upumzishe wimbo.

Halafu ikaja 2006, toleo ninalolipenda kuliko yote. Agosti 2005, siku yake ya kuzaliwa, Madonna alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika mbavu, mtulinga na mkono. Katika ziara ya Confessions iliyofuata, aliuimba wimbo huu juu ya tandiko la farasi huku skrini nyuma yake ikionyesha picha za eksirei za mifupa iliyovunjika. Maneno ni yaleyale ya 1984, lakini sasa unamsikia mtu aliyeumia akapona. Mwaka 2012 aliugeuza tena ukawa waltz ya polepole yenye kinanda, wenye huzuni, na wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba chini ya ule mdundo wa dansi kulikuwa na wimbo wa mapenzi.

Sasa turudi kwenye kompyuta.

Kila mwandishi wa programu anajua tofauti kati ya kiolesura na utekelezaji. Kiolesura ni ahadi unayompa mtumiaji: ukibonyeza hapa, utapata hiki. Utekelezaji ni jinsi unavyoitimiza ahadi hiyo ndani. Madonna ameacha kiolesura kilivyo, yaani jina la wimbo, maneno na melodia, akabadilisha kila kitu kingine: mwendo, ala, mavazi, hata maana.

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Ninatunza mfumo wa mauzo wa mteja mmoja mwenye maduka. Kabla yangu, kampuni nyingine iliuandika upya kutoka sifuri. Vitufe vikahamishwa, menyu zikabadilishwa majina, rangi zikawa za kupendeza. Ndani, hesabu ya bidhaa ilikuwa mbovu vilevile. Makeshia waliokuwa wakifanya kazi bila kutazama kibodi wakaanza kupapasa kama wageni, foleni zikafika mlangoni. Mwishowe mfumo wa zamani ukarudishwa. Hasara haikuwa ya pesa tu. Wale makeshia, wengi wao akina mama wa umri wa mama yangu, waliambiwa kwamba wao ndio hawajui kompyuta. Hilo linaniuma hadi leo.

Najua wapo watakaosema: kitu kinafanya kazi, kwa nini ukiguse? Shabiki amenunua tiketi asikie wimbo wa redioni, mpe. Nakubali nusu. Ana haki ya kuutambua wimbo wake. Lakini msimbo usioguswa nao huoza: maktaba zinazeeka, matundu ya usalama yanafunguka, aliyeuandika anahama. Kuacha kugusa si kuhifadhi.

Wala Madonna hapati alama zote kwangu. Katika Celebration, ziara ya 2023 na 2024, wimbo ulichanganywa na "Billie Jean", vivuli vyake na vya Michael Jackson vikicheza kwenye skrini. Ni wazo la 1985 lililorudi likiwa na mitambo mikubwa zaidi. Kwangu hiyo ni nakili na kubandika, hata kama taa zilipendeza.

Kwa hiyo kabla hujagusa mfumo wa watu, jiulize maswali mawili. Mtumiaji ataitambua ahadi yake? Na je, una jambo jipya la kusema? Ukikosa jibu la la kwanza, usibadilishe. Ukikosa la pili, pumzika kama 2004.

Wewe waonaje? Mimi narudi kwenye hesabu ya bidhaa. Vitufe sivigusi.