Uvimbe Katika Pafu la Mtoto Aliye Tumboni: Tusikate Tamaa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyomo matumboni. Ama baada ya hayo:

Mama mjamzito aambiwapo, karibu na wiki ya 20, kuwa altrasaundi imeonesha uvimbe katika pafu la mwanawe, nyumba huingia msiba kabla ya msiba. Wapo wanaomshauri aitoe mimba; wapo wanaomwambia aache vipimo, kwani ghaibu ni ya Allah peke yake. Wote hao tunawapinga.

Madaktari wanatufahamisha kuwa uvimbe huu aghalabu hukua hadi kati ya wiki ya 25 na ya 28, kisha husimama au hupungua. Katika vipimo vya mara kwa mara huchungwa ukubwa wake, na maji yasije yakajaa mwilini mwa mtoto. Yasipojaa, walio wengi sana huzaliwa salama na kuishi. Hatari ikikaribia, mama huweza kupewa sindano za steroidi, na huenda uvimbe ukanywea.

Basi kupima si kudai ghaibu; ni kutafuta tiba, nasi tumeamrishwa kujitibu. Ama mimba iliyotimiza siku 120, Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua mwaka 1990 kuwa haifai kuitoa hata kiumbe kikiwa na kasoro, ila uhai wa mama ukiwa hatarini.

Enyi waume, wapelekeni wake zenu vipimoni hadi mwisho. Na mtoto akizaliwa apimwe tena, kwani uvimbe huweza kufichika ilhali ungalipo.

Wallahu a'alam.