Chokoleti ya Mikono: Tuulize Kwanza Kabla ya Kufungua Mfuko

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uji wa watoto, chanjo, na kuhifadhi mboga. Mwezi huu tumeletewa swali la namna nyingine. Akina mama wa kikundi kimoja cha hapa Sumbawanga wanauliza kama inafaa watoe fedha za mfuko wao wanunue mashine ya kusagia kakao, wapate kutengeneza chokoleti ya mikono. Wamesikia kwamba kakao ya Kyela inasifiwa hata ng'ambo, na kwamba kipande kimoja cha chokoleti hiyo huuzwa mijini kwa bei ya kilo kadhaa za maharage.

Swali hili ni zuri. Kabla ya kulijibu, yafaa tuijue kazi yenyewe.

KAKAO INATOKA WAPI

Mkakao haupendi baridi. Huku kwetu juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hauwezi kustawi. Lakini ukishika njia ya Laela, Tunduma na Mbeya, ukavuka Tukuyu na kuteremka hadi Kyela karibu na Ziwa Nyasa, utaukuta chini ya migomba na miti mingine ya kivuli. Wenyeji wengi huko husema kokoa. Sehemu kubwa ya kakao ya nchi yetu hutoka Kyela na kwa majirani zake wa Rungwe na Busokelo. Iko pia bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

Kwa dunia nzima Tanzania hutoa kidogo sana, haifiki hata moja kwa mia. Kodivaa na Ghana, za Afrika Magharibi, ndizo zinazolisha viwanda vikubwa. Lakini kuna watengenezaji wadogo wanaotafuta kakao yenye ladha ya pekee, nao hulipa zaidi. Huko Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi mwaka 2013. Hununua kakao mbichi kwa wakulima wadogo na kuivundika mahali pamoja ili ubora uwe mmoja. Chokoleti iliyotengenezwa kwa kakao hiyo imeuzwa hadi San Francisco, Marekani, na duka la Dandelion, tena ikiwa na jina la Kokoa Kamili juu ya karatasi. Jijini Dar es Salaam mwanamke mwenzetu, Jaki Kweka, alianzisha Chocolate Mamas, akatengeneza chokoleti za mikono kwa kakao ya Kitanzania. Kwa hiyo jambo hili si ndoto.

LADHA HUANZA SHAMBANI

Wengi hudhani utamu wa chokoleti huletwa na sukari. Punje mbichi ya kakao ni chungu na inakwaruza ulimi. Tunda likipasuliwa hutoa punje 30 hadi 40 zilizofunikwa na ute mweupe mtamu. Punje hizo huvundikwa katika masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, huku zikigeuzwa. Ute huchacha, joto hupanda hadi karibu nyuzi 50, na ndani ya punje hutokea mabadiliko ambayo baadaye, kwenye moto, huleta harufu ya chokoleti. Kisha huanikwa juani juu ya vichanja kwa muda wa wiki moja hivi.

Kakao isiyovundikwa, hata ukiikaanga namna gani, haitakupa chokoleti njema. Ukinunua, pasua punje chache kwa kisu. Ndani ziwe za rangi ya kahawia na zenye mipasuko. Zikiwa za kijivu na ngumu kama jiwe, hazikuvundika. Zikiwa na ukungu, ziache.

KAZI YA JIKONI

Kwanza, chagua. Toa mawe, vijiti na punje zilizooza. Pili, kaanga kwa moto mdogo kama ukaangavyo karanga, ukikoroga bila kuacha, kwa dakika 20 hadi 30. Punje zitaanza kualika na nyumba itanukia. Ziipue kabla hazijaungua. Tatu, zikipoa, zivunje na uzipete kwa ungo. Hapa mwanamke wa Ufipa aliyezoea kupeta ulezi hahitaji mwalimu.

Nne, saga. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, kwa hiyo kakao ikisagwa haiwi unga, bali huyeyuka na kuwa uji mzito. Kinu na jiwe la kusagia hutoa chokoleti yenye chenga, nzuri kwa kinywaji. Ile laini ya dukani husagwa kwa mashine ya mawe kwa saa 24 au zaidi, hadi ulimi usisikie chenga tena. Sukari huongezwa wakati huo. Kwa chokoleti nyeusi ya asilimia 70, gramu 700 za kakao huchanganywa na gramu 300 za sukari kavu.

Tano ni kazi ya kipimajoto. Chokoleti huyeyushwa hadi nyuzi 45 au 50, hupozwa hadi 27 au 28 kwa kukorogwa, kisha hupashwa tena kidogo hadi 31 au 32, ndipo imiminwe katika kalibu. Ukiruka hatua hii, itapata mabaka meupe na haitavunjika kwa mlio.

Tone la maji ni adui. Likiingia, chokoleti yote hukakamaa. Kwa sababu hiyo hata asali nzuri ya misitu ya huku haichanganywi hivi hivi, maana ina maji ndani yake. Karanga zilizokaangwa zinafaa, lakini zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

BARIDI YETU NI MALI

Wenzetu wa pwani huhangaika, kwa maana chokoleti huyeyuka mkononi na hutaka chumba chenye ubaridi mchana kutwa. Hifadhi yake bora ni nyuzi 15 hadi 18. Katika miezi ya Juni na Julai, upepo wa Mbizi unapovuma, nyumba zetu nyingi hapa zina ubaridi huo bila kulipia umeme. Tulipojaribu kumimina chokoleti kidogo Julai moja, iliganda juu ya meza huku tukizungumza. Ni kweli kakao hatuna, lakini hewa ya kuitengenezea tumejaliwa.

USAFI NA AFYA

Sisi wauguzi tunaomba mlishike neno hili. Kakao mbichi imeanikwa nje, ambako kuku na panya hupita, nayo yaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kukaanga ndiko kunakoviua. Kwa hiyo ungo na vyombo vya kakao mbichi visitumike kamwe kwa iliyokaangwa. Vijidudu vikiingia baada ya moto huweza kuishi ndani ya mafuta ya chokoleti kwa muda mrefu. Mwenye kuharisha au kidonda mkononi apumzike siku hiyo.

Tena, msiuze chokoleti kama dawa. Kuna utafiti ulioonyesha kwamba kakao hushusha presha kidogo, lakini mgonjwa asiache vidonge vyake. Kipande cha gramu 50 cha asilimia 70 kina sukari gramu 15, yaani karibu vijiko 4 vya chai. Mwenye kisukari ahesabu. Wala kakao haiongezi damu, kama tunavyosikia wakisema. Kama chai, huzuia mwili kupokea madini ya chuma, hivyo mama mjamzito asimeze vidonge vyake pamoja nayo. Watoto wapewe kidogo, tena wasipewe usiku.

YULE ALIYELIMA

Yako mambo ya moyo pia. Huko Kyela kuna desturi iitwayo njuti. Mkulima mwenye shida, mtoto anaumwa au ada imefika, humuuzia mwenye fedha kakao iliyo bado mtini, kwa bei ya kutupa. Kagera kwenye kahawa huiita butura. Msimu ukifika, mama huvuna mali ya mwingine. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Aliyekwisha kuuza kwa njuti hakuiona neema hiyo. Mwaka 2025 bei ikashuka tena.

Wakristo wamewahi kujaribiwa katika jambo hili. Huko Uingereza familia za Cadbury, Fry na Rowntree zilikuwa za Kanisa la Marafiki, lile lililoenea hata Kenya magharibi. Waliipenda biashara ya kakao kwa kuwa ilikuwa kinywaji badala ya pombe. Lakini ilijulikana kwamba kakao waliyonunua kisiwa cha São Tomé ililimwa na watu walioshikwa utumwani. Waliacha kuinunua mwaka 1909, baada ya miaka mingi ya kuchunguza na kusitasita. Basi nasi tuulize mapema. Tukinunua Kyela, tupitie chama cha msingi cha ushirika, ambako kakao huuzwa kwa mnada na stakabadhi ghalani, tusinunue kwa mlanguzi wa gizani kwa sababu tu ni rahisi.

USHAURI WETU

Kilo 1 ya kakao kavu, ukitoa maganda na uchafu, hubaki gramu 750 hivi. Ukiongeza sukari utapata kilo 1 na ushee ya chokoleti, yaani vipande 20 hivi vya gramu 50. Andikeni gharama ya kakao, nauli, sukari, mkaa, karatasi na siku zenu za kazi, mgawanye kwa 20. Hapo ndipo mtajua kama kuna mtu Sumbawanga atakayelipa bei hiyo, au kama wanunuzi wenu wako Mbeya na Dar es Salaam.

Kwa hiyo tunajibu hivi: mashine isubiri. Anzeni na kilo 2 kwa kinu na ungo, mtengeneze madonge ya kinywaji, ambayo hayahitaji kulainishwa sana. Uzeni kwa watu mnaowafahamu na msikilize wanasema nini. Nendeni SIDO waulizeni juu ya mafunzo na njia ya kupata alama ya TBS, maana chakula kinachopelekwa dukani hakina budi kukaguliwa. Faida ya madonge ndiyo iwekwe kando kwa ajili ya mashine.

Fedha za mfuko wa ugonjwa na uzazi zisiguswe. Tumewaona wodini akina mama waliochelewa kufika kwa kukosa nauli tu, na wengine hawakuwahi. Shilingi zile mlizoweka kila Jumamosi zina kazi yake, na siku ya kuhitajiwa haipigi hodi. Chokoleti ni anasa njema, nayo itangoja. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi karanga na mahindi yasipate sumukuvu. Andikeni maswali yenu. Tunawatakia amani majumbani mwenu.