Amana Ivukayo Mpaka

Na Idrisa Chibago

Miongoni mwa fadhila ambazo watu wa nyanda hizi kavu za katikati ya Tanzania wamezirithi kwa wazee wao, kuazimana ni mojawapo iliyo kubwa, kwa kuwa mahali penye msimu mmoja tu wa mvua, na mvua yenyewe haiaminiki, mtu asiyekuwa na sahibu wa kumpa mbegu au mnyama wa maziwa aliishi jirani na njaa hata akiwa hodari wa kazi. Wagogo walikuwa na desturi ya kuwekesha ng'ombe kwa rafiki wa kijiji kingine, na masharti yake yalijulikana kwa kila mtu pasipo kuandikwa: maziwa ni ya mlishaji, ndama ni wa mwenye mali, na mnyama akifa, habari humfikia mwenyewe bila ya kuchelewa. Amana ile ilidumu miaka mingi bila karatasi kwa sababu wote wawili walikuwa chini ya mila moja, na wazee wa kuwaamua walikuwa wale wale.

Siku hizi mali inayoazimwa ina magurudumu, na huvuka mipaka ambako mila ile haina sauti. Nayasema haya kwa ajili ya magari ya kulala safarini, aghalabu Land Cruiser kuukuu iliyotiwa kitanda cha kukunja, jiko la mtungi wa gesi, tangi la maji na betri ya pili ya taa, au iliyofungwa hema juu ya paa. Mwenye gari la namna hii hulitumia mara chache kwa mwaka, ilhali rafiki zake hulitamani mwaka mzima. Likizo ikikaribia, mmoja huja kuliomba awapeleke ahali zake Kigali, na mwenyewe, kwa kuona muhali, hutoa funguo kabla ya kuuliza swali hata moja. Muhali huo ndio ninaouandikia leo, maana nauona unavunja usuhuba mwingi kuliko ubahili.

Wapo jamaa wawili wa mjini hapa, watu wema wote, ambao jambo hili liliwapata. Aliyeazima gari aliondoka na mkewe na watoto, akapita Bahi na Manyoni, akalala Singida, akashuka mlima Sekenke, akashika njia ya Nzega na Kahama mpaka Rusumo, ambako mto Kagera ndio mpaka wa Tanzania na Rwanda. Afisa alipokea kadi ya gari, akainama kuisoma namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu, kisha akauliza kwa upole: jina lililo katika kadi si lako, barua ya mwenye gari iko wapi? Barua haikuwapo. Mwenye gari siku ile alikuwa shambani Kondoa na simu yake haipatikani. Familia ikalala garini upande huu wa mto, na kulipopambazuka ikageuza. Aliyeazima aliona amefedheheka mbele ya wanawe, na aliyemwazima aliona hakushukuriwa. Hata leo salamu zao ni baridi, wala hapana aliyemkusudia mwenziwe ubaya.

Barua hiyo ni kitu kidogo: majina mawili, namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, nchi ziendewazo, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na sahihi ya mwenye mali mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo. Nyuma yake yako mambo mazito zaidi. Bima ya COMESA, ile iitwayo kadi ya njano, humlinda mtu wa tatu aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali yake. Gari lenyewe hailifidii. Bima kubwa nayo mara nyingi hukomea mpakani, mpaka mwenye gari aiombe kampuni imwongezee nchi za mbele. Kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda kina siku zake, na zikipita, gari huanza kudaiwa kana kwamba limeletwa kuuzwa. Ni nani atakayelipa? Swali hili likiulizwa sebuleni ni mazungumzo. Likiulizwa baada ya ajali ni ugomvi.

Hata uendeshaji wahitaji mafundisho. Rwanda na Burundi hupita kulia, na gari letu lina usukani kulia. Dereva akiwa nyuma ya lori lililotoka bandari ya Dar es Salaam haoni kilicho mbele mpaka aliyeketi kushoto amwambie. Mwenye gari ambaye hakumweleza rafikiye jambo hili, wala hakumwonyesha valvu ya mtungi inayopasa kufungwa kabla ya kuondoka, amempa gari na kumnyima usalama.

Wako watakaosema kuandikiana baina ya marafiki ni dalili ya kutoaminiana. Hasha! Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayowaagiza waumini kuandika deni na kuweka mashahidi, nayo inawaambia watu walio ndugu katika imani. Karatasi humhifadhi mwombaji asidhaniwe mwizi ugenini, humhifadhi mwenye mali asione haya kudai haki yake, na huwahifadhi mjane na mayatima iwapo mmoja wa marafiki hao atatangulia mbele ya haki safarini.

Kwa serikali zetu nina ombi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Basi na itolewe fomu moja ya kuazimana gari, kwa Kiswahili, yenye sura moja kutoka mpaka wa Namanga hadi wa Kabanga, ipatikane bila malipo katika ofisi za forodha na za bima, ili mkulima wa Kongwa aweze kuisoma na kuitia sahihi akijua anachokubali. Heshima ya lugha huonekana pale inapomfaa raia aliyesimama dirishani na watoto wake.

Na fomu hiyo isipokuja upesi, wewe unayeombwa gari leo usikatae, wala usitoe funguo kimyakimya. Mkaribishe rafiki yako, someni kadi na bima pamoja, andikeni mliyoafikiana, kila mmoja achukue nakala yake. Kisha mwombee safari njema kwa moyo mweupe, kwa kuwa hapo hutakuwa na la kuficha wala la kuhofia.