Nani Kawapa Orodha ya Watu wa Motoni?

Msio Wakatoliki, maneno ya leo yanawagusa hata nyinyi. Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, kazi zimenibana. Leo sitaandika habari za soko la Warwick wala vituko vya teksi za hapa. Leo nina ugomvi, tena na Wakatoliki wenzangu, Waswahili wa hapa hapa Durban, waliojipa kazi ya kugawa nafasi za Jehanamu.

Kisa chenyewe kifupi. Kijana wa kwetu Tanzania amefariki huku. Alikuja kwa kuzamia meli, kama walivyokuja wengi mnaowaona maeneo ya Point. Maisha yakamshinda, akaingia kwenye unga. Anayeijua Durban analijua neno whoonga, sina haja ya kueleza. Alibatizwa utotoni, na wenzake wanasema rozari haikumtoka shingoni. Kwenye kikundi kimoja cha sala nikaomba tuandike nia ya Misa na tuchangie mazishi, maana maiti isiyo na mwenyewe huzikwa na manispaa kimya kimya. Mzee mmoja akanijibu: "Mwanangu, huyo keshakwenda motoni, tusipoteze nia." Tena tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza Rozari ya Huruma ya Mungu! Mwingine akaongeza kwamba kumwombea teja ni kuwadharau marehemu waliokufa vizuri.

Waliokufa vizuri. Haya.

Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini hili siwezi kulimeza. Mimi si padri na seminari sikuiona, ila kusoma najua. Kanisa linafundisha kwamba Jehanamu ipo. Sibishi, na anayedhani nimekuja kuifuta arudie kusoma. Mtu anaweza kumkataa Mungu mpaka mwisho, na hilo linatisha kweli. Lakini Kanisa hilo hilo, kwa karne zote hizi, halijamtangaza mtu hata mmoja kwa jina kwamba yumo motoni. Hata Yuda Iskariote, pamoja na maneno mazito ya Injili juu yake! Upande wa mbinguni majina linatangaza: Yohane Paulo wa Pili peke yake alitangaza watakatifu 482, na kabla ya kutangaza kuna mafaili, mashahidi na uchunguzi wa miaka. Upande wa pili hakuna hata jina moja. Hata kumtenga mtu na Kanisa si kumpeleka motoni, ni adhabu ya kumwamsha arudi. Sasa nyinyi orodha yenu mmeipata ofisi gani?

Halafu fikirini tunavyosali. Kila baada ya kumi la rozari tunamwomba Yesu azipeleke mbinguni roho zote, na tunazitaja hasa zile zenye uhitaji mkubwa wa huruma. Zote, jamani. Hatusemi roho za wanakikundi waliolipa ada. Na tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote. Aliye mbinguni hahitaji sala yangu, aliye motoni haimfikii. Basi tunaomba kwa sababu hatujui, na kwa sababu tunatumaini. Anayesema anajua marehemu fulani yuko wapi, aache kabisa kuwaombea marehemu, maana kwake sala hiyo haina kazi.

Najua mtaniambia, "Lakini sheria ya Kanisa inakataza kumzika mtu wa namna hiyo kwa Misa." Inakataza wapi? Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za 1983 inawataja walioiasi imani waziwazi, wazushi na waliofarakana na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekuwa kashfa kwa waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Askofu, si mwenyekiti wa kikundi. Rozari shingoni mwa mtu anayelala kwenye boksi, mimi naiita dalili. Nyinyi mnaiita nini?

Sheria ya zamani, ile ya 1917, iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 imewaondoa kwenye orodha hiyo, na Katekisimu ya 1992 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, kwa sababu Mungu ana njia anazozijua mwenyewe. Lakini nyumbani bado wapo akina mama wanaoambiwa mtoto wao aliyejinyonga hana pa kwenda. Sheria imebadilika tangu 1983, maneno ya msibani hayajabadilika. Huo ni ukatili, na kuupaka maji ya baraka hakuubadilishi.

Wala hawaishii kwa mateja. Hapa mjini Kanisa Kuu la Emmanuel na msikiti wa Juma ni majirani kabisa, unatoka huku unaingia kule. Nimesikia kwa masikio yangu mtu anatoka Misa, anautazama msikiti na kusema, "Hawa nao basi tena." Angewauliza Wazanzibari wa Chatsworth. Mababu zao ni watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza na kuletwa Natal kuanzia 1873. Wengi wao walikuwa Wamakua, na wakaishi kule Bluff mpaka serikali ya makaburu ilipowahamisha miaka ya 1960. Wengi walikuwa Waislamu na wakabaki Waislamu, wengine wakapokelewa na misheni ya Kikatoliki iliyofunguliwa huko huko Bluff. Watu wa jahazi moja, minyororo ileile. Nani kati yenu atathubutu kuwapanga mafungu, hawa mbinguni, wale motoni, kwa kuangalia nani alimfikia nani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishalisema hili mwaka 1964: wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuokoka, na Waislamu wametajwa kwa jina. Askofu Mkuu wetu Denis Hurley alikuwemo kwenye Mtaguso huo, na tangu 2004 amelala ndani ya Kanisa Kuu lile lile mnalotoka mkihukumu. Mkitaka mfano wa aliyeng'ang'ania kwamba asiye Mkatoliki amekwisha, yupo Mjesuiti wa Boston, Leonard Feeney. Roma ilimsahihisha 1949, na 1953, kwa ukaidi wake, yeye mwenyewe akatengwa na Kanisa. Alipatanishwa 1972. Kanisa lilimsubiri karibu miaka 20, yeye aliyekuwa hataki kuwasubiri wengine.

Kuna hoja moja naiheshimu. Mama mmoja aliniambia, "Ukisema hivyo vijana wataona unga si kitu." Mama, nakuelewa, una watoto. Lakini wale wa Point hawakuingia kwenye unga kwa kusikia mahubiri mengi ya huruma. Wengi wao hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuongea nao. Na ukitaka kuwatisha watu kwa moto, soma Mathayo 25. Wanaofukuzwa pale wanaulizwa habari za njaa, kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Marehemu wetu alikuwa na njaa, alikuwa mgeni, alikuwa mgonjwa. Sasa sura hiyo inamtisha yeye, au inatutisha sisi tuliokuwa tunavuka barabara tukimwona? Pale ubavuni mwa Kanisa Kuu kuna Denis Hurley Centre, tangu 2015, watu wasio na makazi wanapata chakula na matibabu. Anayewaogopea vijana motoni aende akashike mwiko.

Nia ya Misa nimeshaiandika, na mchango unaendelea, wanaonifahamu wana namba yangu. Mnaotaka kunipinga nafasi ya maoni iko hapo chini, sifuti ya mtu. Ila mje na kifungu, msije na "inavyojulikana."