Mkurugenzi, turudishieni usingizi

Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa,

YAH: KIBALI CHA BAA KATIKATI YA MAKAZI



Barua yetu ya kupinga kibali hiki, yenye saini za wakazi na muhuri wa serikali ya mtaa, ilipokelewa ofisini kwako. Kibali kikatoka vilevile. Sasa spika zimeelekezwa kwenye madirisha yetu na muziki unapigwa hadi saa tisa usiku.

Mimi ni dereva wa daladala. Saa kumi alfajiri natakiwa niwe barabarani. Dereva asiyelala ni hatari kwa anayempakia na kwa anayevuka barabara, hivyo mwezi uliopita nilimkabidhi tajiri funguo za gari lake. Nimepoteza kazi kwa kukosa usingizi, Mkurugenzi, si kwa uvivu wala ulevi. Ada ya mwanangu sijui itatoka wapi.

Walevi wanakojolea kuta zetu, bodaboda wanagombania abiria mlangoni. Lakini kubwa ni usingizi. Muuguzi wa zamu ya asubuhi halali. Mwanafunzi halali. Mzee mwenye presha halali. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015. Nani ofisini kwako alizifungua kabla ya kugonga muhuri?

Sipingi starehe. Wahudumu, madijei na wachoma nyama wanalisha familia kwa kazi ya usiku. Ila mahali pachaguliwe. Kariakoo ilipozinduliwa kufanya biashara saa 24, Februari 2025, Serikali ndiyo iliyoamua ni wapi. Kwa nini baa zijichagulie zenyewe? Eneo la Posta, katikati ya jiji, ofisi zikifungwa mitaa mingi hubaki mitupu. Tengeni huko, na kwenye barabara kubwa nyingine, maeneo yenye taa, polisi, vyoo na usafiri wa kurudi nyumbani.

Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani, tukaambiwa mji lazima upangwe. Mwenye meza ya mitumba akapangwa. Mwenye baa na spika haguswi. Huo si mpango, ni uonevu kwa wanyonge.

Futa kibali hicho. Kisha bandika kwenye kila ofisi ya mtaa orodha ya maeneo ya starehe, kabla hujasaini kibali kingine. Watu wanaoamka alfajiri kuuendesha mji huu wana haki ya kulala.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva na mkazi, Dar es Salaam